Mkono Ulioshonewa Ndani ya Shati

Duka la Fundi Kipimo lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, rafu za vitambaa zilizofika darini, na kioo kirefu cha wateja kujitazama. Aliitwa Kipimo kwa sababu mteja akiingia tu mlangoni, yeye alimtajia ukubwa wa kiuno chake kabla hata ya salamu. Wanene hawakuipenda tabia hiyo. Hata hivyo walirudi, maana nguo zake zilikaa mwilini.

Cherehani ya pili ilikuwa ya mkewe. Kazi yake ilikuwa pindo, matundu na vifungo, na mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Walifanya kazi wakitaniana kutwa nzima. Kila Fundi alipopita nyuma ya kiti cha mkewe, alimfinya bega. Alimfinya kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa na mkasi.

"Kashike mkasi wako," Mama Vifungo alisema kila mara, akijifanya ameudhika. Bega lenyewe hakulisogeza.

Siku moja Fundi alipanda ngazi kushusha jora la kitambaa kutoka rafu ya juu. Kipago cha ngazi kikavunjika. Akaanguka yeye na jora lake, na upande wa kulia wa kichwa chake ukagonga ukingo wa meza ya kukatia. Alilazwa hospitali kwa muda mrefu. Daktari alimweleza Mama Vifungo kwamba ubongo wa mumewe umeumia upande wa kulia, na kwamba upande huo ndio unaoongoza upande wa kushoto wa mwili.

"Akitoka hapa, aanze kwenda kliniki ya mazoezi," daktari alisema. "Msichelewe."

Fundi alirudi nyumbani akitembea kwa fimbo. Alizungumza, akacheka, akawauliza majirani nani kanenepa. Dada yake, ambaye Mama Vifungo alimwita wifi, alihamia pale ili kusaidia. Huyo Wifi alikuwa mtu wa huruma nyingi na maneno mengi zaidi.

"Kichwa kilichotikisika kinataka kutulia," Wifi alisema. "Mazoezi ya nini? Kwani anakwenda kucheza mpira?"

Mama Vifungo alikuwa amechoka kwa safari za hospitali. Maneno yale yalimwingia, kwa kuwa yalimpa ruhusa ya kukaa. Kliniki hawakwenda.

Jambo la kwanza lilitokea mezani. Fundi alikula chakula cha upande wa kulia wa sahani, akasema kimekwisha. Nusu ya kushoto ilikuwa haijaguswa. Mkewe aliigeuza sahani, na Fundi akashangaa kuona chakula kipya. Walicheka wote watatu. Kesho yake alinyoa ndevu za shavu moja tu. Kisha akaomba chaki achore shati, na akachora nusu ya shati, kola nusu, na tundu la mkono mmoja. Alisimama mbele ya kazi yake akitabasamu, akisema limekamilika. Safari hiyo hakuna aliyecheka.

Halafu, asubuhi moja, Fundi alimwita mkewe kwa sauti ya chini.

"Mama, mwambie huyo bwana aondoe mkono wake."

"Bwana gani?"

"Huyu aliyekaa kushoto kwangu. Ameniwekea mkono wake mapajani tangu nilipoamka. Mkono wenyewe baridi."

Mama Vifungo alitazama. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Mapajani mwa Fundi ulilala mkono wake mwenyewe, na pete yake ya ndoa, na kovu la mkasi kwenye kidole gumba. Nywele zilimsimama.

"Huo ni wako, Fundi."

"Wangu huu hapa." Aliinua wa kulia. "Huo ni wa kwake."

Hakusema kwa hasira wala kwa hofu. Alisema kama mtu anayemwambia mteja kwamba koti lile lina mwenyewe.

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Wifi hakukaa tena kwenye kiti cha kushoto, na kila alipokipita alisema "samahani" kwa heshima. Siku moja Fundi alijiona katika kioo kirefu. Akasema yule bwana amesimama pale ndani, anamwangalia. Wifi alichukua kitambaa cheusi cha bitana akakifunika kioo chote.

"Nyumba hii imeingiliwa, wifi," alinong'ona.

"Usiseme hivyo," Mama Vifungo alijibu. Lakini alikuwa ameanza kuogopa kama yeye.

Mchana mmoja wa mvua alikuwa jikoni akiosha vyombo. Akasikia kitu dukani. Tik, tik, tik. Kilikuwa kama kidole kinachogonga ubao, kwa mwendo ule ule wa cherehani. Alijifuta mikono akaenda. Fundi alikuwa amesinzia kitini, kichwa kimeegemea kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya meza ya kukatia, na vidole vyake vilikuwa vikigonga, vyenyewe, huku mwenye mkono amelala. Mama Vifungo alisimama mlangoni bila kuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Alimwita mumewe. Fundi alifumbua macho, akasikiliza.

"Leo bwana anashona," alisema, akalala tena.

Mkono ule pia ulileta madhara. Ulining'inia ukabanwa na mlango. Uliangusha vikombe. Uliburutwa pembeni mwa kiti Fundi alipokuwa akisimama. Mama Vifungo aliwaza afanye nini. Mtu wa cherehani akipatwa na tatizo, hufikiria uzi kwanza. Alichukua bitana, akatengeneza mfuko mrefu ndani ya shati la Fundi, upande wa kushoto. Mkono ukaingia humo, na mkono wa shati ukashonewa ubavuni, usitoke. Alifanya hivyo kwa mashati yote. Mshono ulikuwa mzuri, mtu asingejua.

Alipokuwa akichomeka pini kwenye shati la kwanza, pini moja ilipita kitambaa ikazama katika nyama ya mkono. Tone la damu likatoka. Mama Vifungo alishtuka. Fundi hakushtuka. Alilitazama lile tone, kisha akakigeukia kiti kitupu.

"Pole, bwana," alikiambia.

Mama Vifungo alimaliza kushona, akaenda jikoni, akalia. Mumewe alikuwa amerudi kutoka hospitali, na yeye hakujua amerudi nani. Alichotaka kilikuwa kitu kidogo tu. Alitaka kufinywa bega.

Baada ya hapo nyumba ilitulia. Mkono haukuonekana, na kisichoonekana hakisumbui. Wifi alisifu sana.

"Ungeshona mapema," alisema. "Bwana wa watu sasa kalala."

Lakini wakati wa kumwogesha Fundi, Mama Vifungo aliuona. Mkono ulikuwa umepungua. Vidole vilikuwa vimejikunja, na kiganja hakikufunguka mpaka ukikunjue kwa nguvu. Ulikuwa baridi kuliko sehemu nyingine za mwili. Aliukausha haraka akaurudisha mfukoni, akiwa na uoga wa mtu anayerudisha kitu mahali alipokikuta.

Kisha ikaja siku ya pasi.

Mama Vifungo alikuwa akinyoosha sare za wanafunzi. Aliisimamisha pasi ukingoni mwa meza, akamgeukia mteja aliyekuja kuchukua suruali. Fundi alikuwa amekaa karibu na meza, pasi ikiwa kushoto kwake. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa chumbani.

"Mama," Fundi alisema kwa utulivu, "angalia, kuna nguo ya mteja inaungua."

Mama Vifungo aligeuka. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka ubavuni mwa Fundi mwenyewe. Alikuwa ameiegemea pasi. Aliivuta pasi, akalipasua shati. Ndani ya tundu jeusi la bitana ulionekana mkono, ngozi ya juu imevimba malengelenge. Mteja alitoka mbio bila suruali yake.

"Huyo bwana kaungua?" Fundi aliuliza, kwa huruma ya kweli. "Masikini. Mbona hakusema?"

Wifi alikuja na dawa ya meno kuipaka. Mama Vifungo alimzuia. Aliukumbuka ushauri wa muuguzi mmoja, kwamba jeraha la moto haliwekwi chochote ila maji safi ya baridi, tena kwa muda mrefu. Akauvua mkono ile pete kabla haujavimba zaidi, akaumwagia maji bila kuacha, akauwekea kitambaa safi, wakaenda hospitali. Njiani alilibana mkononi lile shati lililopasuka. Alijua kwamba mshono ule ulikuwa wake.

Muuguzi alipomaliza kufunga jeraha, alilitazama shati, akamtazama Mama Vifungo, kisha akawapeleka chumba cha mazoezi. Huko walimkuta mwanamke mfupi, mtaalamu wa kuwarudishia watu matumizi ya viungo vyao. Wagonjwa walimwita Bi Taratibu, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Alilishika shati akalipekua.

"Nani kashona?"

"Mimi," alisema Mama Vifungo.

"Mshono mzuri. Lakini mama, umeushona mlango na mtu yuko ndani."

Mama Vifungo alishindwa kujizuia. Alieleza yote: sahani, kioo, vidole vinavyogonga, yule bwana. Alingoja kuchekwa. Bi Taratibu hakucheka.

"Ule mkono ni wa nani?" Mama Vifungo aliuliza mwishoni. Lilikuwa swali la ajabu, lakini alikuwa amelibeba siku nyingi.

"Ni wake. Ila ubongo wake haujui. Nyinyi mkikata koti, hamna karatasi za vipimo? Ya mgongo, ya kifua, ya mikono?"

"Tunazo."

"Basi na ubongo unazo karatasi za mwili mzima. Mkono uko wapi, unashika nini, unasikia baridi au moto. Fundi alipogonga kichwa, karatasi ya upande wa kushoto ilichanika. Jicho linaona mkono, lakini ubongo hauna karatasi yake. Sasa niambie, karatasi ya mkono ikipotea, utaacha kushona makoti?"

"Nitapima upya," alisema Mama Vifungo.

"Na sisi tunapima upya. Kila mkono unapoguswa, unapojaribu, unapotazamwa, ubongo unachora mstari mmoja. Ukiufungia gizani, hauguswi, hautazamwi. Ubongo unasema, kumbe huo si wetu kweli."

Wifi alisogea karibu. "Na yule bwana?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ubongo ukiona mkono usioutambua, unautafutia mwenyewe. Ukimkosa, unamtunga. Hakuna mtu kwenye kiti, dada. Ni mkono unaotafuta kwao."

Wifi aliukagua mkono uliofungwa bandeji, kana kwamba anauona mara ya kwanza.

Kuhusu vidole vilivyogonga, Bi Taratibu hakujibu mwenyewe. Alimwita daktari, kwa kuwa mtu aliyeumia kichwa anaweza kupata kifafa, na wakati mwingine huanza kwa kiungo kimoja kuchezacheza. Daktari alimpima Fundi, akasema safari hii ni misuli iliyokaza, akawaonya. Akianguka kifafa, akiumwa kichwa kwa ukali, akitapika ovyo au akishindwa kuamshwa, waje hospitali hapo hapo.

"Mkono utarudi?" Mama Vifungo aliuliza.

"Sitakudanganya," alisema Bi Taratibu. "Sijui utarudi kiasi gani. Ninachojua ni kwamba mkono usiotumika haurudi. Ningefurahi mngekuja mapema. Lakini njia haijafungwa."

Jeraha lilipopona, kazi ikaanza. Bi Taratibu alifika nyumbani kuona vyumba. Aliihamisha pasi upande wa kulia na mbali na kiti. Ngazi mbovu aliitoa nje mwenyewe. Aliwaonyesha kuulaza mkono juu ya mto, wasiuache uning'inie, na wasimvute Fundi kwa mkono huo hata siku moja, maana bega legevu huchomoka. Halafu akasema kuanzia sasa Fundi asalimiwe kutoka kushoto, apewe kikombe kutoka kushoto, na anayezungumza naye akae kushoto.

Wote walikitazama kile kiti.

"Mimi?" alisema Wifi. "Kwenye kiti kile?"

"Kina kasoro gani?"

"Hakina kasoro. Kina mtu."

"Basi mwambie asogee," alisema Bi Taratibu. Wifi akakaa, nusu ya makalio, akishika ukingo kwa mikono miwili. Fundi aliisikia sauti yake upande ule. Taratibu, kwa shida, kichwa chake kikageuka kushoto.

"Kumbe ni wewe, dada," alisema.

Kisha Bi Taratibu aliuliza kama kuna vitambaa vya mabaki. Kwa fundi hilo si swali. Mama Vifungo alileta gunia. Kila asubuhi alimpitishia Fundi kipande mkononi: kaki ngumu, mahameli, satini inayoteleza, taulo. Kwanza mkono wa kulia, Fundi akataja jina. Kisha wa kushoto, akiutazama. Kisha wa kushoto, macho yamefumbwa. Walitumia na maji ya uvuguvugu na ya baridi, lakini Mama Vifungo aliyapima kwanza kwa mkono wake, maana mkono usiosikia moto hauwezi kujilinda.

Macho yakifumbwa, Fundi hakusikia kitu. Mkewe alisugua taulo juu ya kile kiganja na kumwuliza, naye alijibu, "Bado hujaanza." Ilikuwa ni kama kubisha hodi katika nyumba ambayo taa zinawaka na hakuna anayeitika.

"Nasugua mpaka lini?" alimlalamikia Bi Taratibu.

"Mpaka aitike. Mara nyingi, kidogo kidogo. Akichoka, mwache alale mahali penye utulivu. Ubongo ulioumia huchoka upesi, na uchovu huo si uvivu." Kisha akakionyesha kitambaa cheusi. "Kile nini?"

"Kioo," alisema Wifi. "Usikifunue."

Bi Taratibu alikifunua. Alimwomba Mama Vifungo washirikiane kukisimamisha kwa ubavu juu ya meza ya kukatia, katikati ya mikono miwili ya Fundi, uso wake ukielekea kulia. Mkono wa kushoto ulikaa nyuma ya kioo, haukuonekana. Wa kulia ulikaa mbele. Akaiomba ile pete ya ndoa, akaivisha mkono wa kulia. Fundi akitazama kioo, aliona taswira ya mkono wa kulia. Na palepale mkono wa kushoto ulipopaswa kuwa, aliona mkono mzima wenye pete.

"Ukisikia kizunguzungu tunaacha," alisema Bi Taratibu. "Sasa fungua kiganja. Tazama kioo tu."

Fundi alifungua. Katika kioo, mkono wa kushoto ukafunguka. Akafunga, ukafunga. Jasho lilimtoka usoni. Nje watu walikuwa wakipita na mambo yao, na mle ndani hapakuwa na anayepumua kwa sauti.

"Anafungua kiganja," Fundi alinong'ona. "Yule bwana."

"Pete ni ya nani?"

"Yangu."

"Na mkono?"

Fundi alisogeza uso karibu na kioo. Alikitazama kioo muda mrefu, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika. Mama Vifungo aliogopa zaidi kuliko siku ya pasi. Alitaka kukifunika kioo. Bi Taratibu alimshika mkono kumzuia.

Walirudia kila siku, nyakati fupi fupi. Mama Vifungo alikaa nyuma ya kioo, akiulinda mkono uliolala. Siku baada ya siku aliutazama. Mbele ya kioo vidole vilicheza, na kule nyuma vingine vililala kimya. Alishaanza kukata tamaa. Siku moja Fundi akiwa anafunga na kufungua mbele ya kioo, kidole kidogo cha mkono uliolala kilijikunja, kikajinyoosha. Mama Vifungo alidhani ni macho yake. Kikarudia, sawasawa na mwenzake wa mbele. Hakikugonga kama siku ile ya mvua. Kilifuata. Alihisi baridi mgongoni, na safari hii haikuwa ya hofu tu.

"Fundi," alisema polepole. "Kuna mtu huku nyuma anakuitikia."

Vidole viliendelea kuamka, kimoja kivivu, kingine kikaidi. Mkono ulipoweza kubana kitu na kukiachia, Bi Taratibu alikuja na ombi jipya.

"Mama, shona tena ule mfuko."

"Nimeapa sitaushona."

"Ushonee mkono wa kulia."

Alieleza kwamba mkono mzima ulikuwa umezoea kumfanyia mwenzake kila kitu, na mwenzake akawa mvivu. Sasa mkono mzima upumzishwe kwa muda mfupi kila siku, ili ule mwingine ulazimike. Iwe Fundi amekaa na kuna mtu karibu. Asivishwe mfuko akitembea kwa fimbo wala penye moto. Mama Vifungo alifumua bitana ya mashati yote, na kutoka bitana hiyo hiyo akashona mfuko kama soksi, unaovuliwa kwa urahisi.

Fundi aliuchukia mfuko ule. Aliwekewa vifungo vikubwa mezani avitie kwenye kikombe. Alikishika kimoja, kikadondoka. Akakishika tena, kikadondoka.

"Mnanitesa," alisema. "Nivueni. Mimi fundi, naokota vifungo kama mtoto."

Mama Vifungo aliikalia mikono yake isije ikamsaidia. Moyo ulimuuma kwelikweli. Wifi alitaka kuinuka kitini.

"Kaa, wifi," alimwambia. "Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Kuna siku Fundi alilia, na kuna siku alivisukuma vifungo vyote sakafuni. Siku hizo walimvua mfuko, wakamwacha alale. Kesho yake vifungo vilikuwa mezani tena. Wifi akaanza kumtania kwamba kikombe kile kitajaa wajukuu wakiwa wazee. Fundi akacheka, na akiwa anacheka kifungo kikaingia kikombeni.

Mkono haukurudi wote. Mpaka leo hautungi uzi kwenye sindano, na mkasi mkubwa sasa ni wa Mama Vifungo. Fundi huchora, mkewe hukata, na wateja wanasema nguo zinakaa vilevile. Akichoka mchana, duka hufungwa nusu ili alale. Lakini mkono wa kushoto hushikilia kitambaa kisiteleze chini ya chaki, na Fundi hula sahani nzima, hata ile sehemu aliyotengewa Wifi.

Siku Mama Vifungo alipomkatia shati jipya, alimsimamisha mbele ya kioo. Kilikuwa kimesimama tena mahali pake, bila kitambaa. Shati lilikuwa na mikono miwili. Alipiga magoti akachomeka pini kwenye pindo la mkono wa kushoto. Alikuwa na haraka kwa ajili ya mteja wa jioni, na pini ikateleza ikapita.

"Umenichoma," alisema Fundi.

Mama Vifungo aliacha kupumua. Tone dogo la damu lilikuwa limetoka karibu na lile kovu la mkasi.

"Nimemchoma nani?" aliuliza.

"Mimi. Kwani mko wangapi hapa unaowachoma?"

Wifi, aliyekuwa amejikalia vizuri kwenye kiti cha kushoto, aliinamisha uso wake kwenye kitambaa. "Na yule bwana je?" aliuliza.

Fundi alitazama kioo. Alijitazama kwa makini, kulia, kisha kushoto, kama anavyomtazama mteja mlangoni.

"Bwana gani?" alisema. "Namwona huyu mmoja tu. Amepungua kiuno."

Mama Vifungo alibaki chini, pini mkononi, akilia waziwazi. Ndipo alipohisi kitu begani. Kilikuwa dhaifu, na kilichelewa kubana. Lakini kilitoka kushoto, na kilibana.

"Kashike mkasi wako," alisema.

Bega hakulisogeza.